Kupima maada na watoto wa shule: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Moshi

Kila Jumamosi asubuhi tunakaa na watoto wa darasa la tano mpaka kidato cha kwanza kwenye ukumbi wa kuazima, tunapima vitu: mawe, maji, mchele, hewa, hata viatu vyao wenyewe. Maswali haya yanatoka kwa wazazi wanaokuja kuchukua watoto na kwa walimu wanaotupigia simu jioni. Yanayotusumbua zaidi tumeyajibu kwa kirefu. Mengine mistari miwili inatosha.

Maada ni nini hasa? Mwanangu anakariri tu.

Ni kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Ndivyo kitabu kinavyosema, na hakijakosea. Ila mtoto anaikariri kwa siku moja na kuisahau kwa mbili, kwa hiyo sisi tunaigeuza kuwa maswali mawili. Ukikiweka kwenye mizani, mizani itasema chochote? Ukikizamisha kwenye chombo kilichojaa maji pomoni, maji yatamwagika? Jiwe linajibu ndiyo mara mbili. Kivuli kinajibu hapana mara mbili, na sauti ya kengele vivyo hivyo. Tukifika kwenye moshi (wa kuni, siyo mji wetu), darasa linagawanyika na kelele zinaanza. Huwa tunawaacha wabishane kwanza.

Kwa nini mnaanza na sado ya sokoni (kopo la rangi la lita 4 la kupimia nafaka) badala ya vifaa vya maabara?

Kwa sababu mtoto wa hapa ameshapima kabla hajafika kwetu. Ametumwa soko la Mbuyuni na mama yake: "Kachukue sado mbili za mahindi, na umwambie mama muuzaji akuongeze." Anajua kabisa kwamba sado hazilingani, ila hajawahi kuulizwa kwa nini.

Siku ya kwanza tunaleta kopo moja la rangi la lita 4 na mahindi makavu ya mfuko mmoja. Watoto watatu wanajaza kopo lile lile kwa zamu, kila mmoja kwa namna yake, kisha tunapima kwenye mizani. Mara ya mwisho ilikuwa hivi: aliyejaza akapitisha rula juu alipata gramu 2,890. Aliyelitikisa kopo na kuligonga mezani kabla ya kupitisha rula alipata gramu 3,060. Aliyejaza mpaka mahindi yakafanya kilima alipata gramu 3,180. Kopo ni moja na mahindi ni yale yale, lakini kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna karibu gramu 300, chakula cha mtu mmoja.

Wazee walikuwa na maneno ya jambo hili. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele ni chenye kilima. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Kwa hiyo tatizo la chombo cha ujazo walilijua zamani: chombo kinapima nafasi, na ndani ya nafasi kuna mahindi na kuna hewa katikati ya mahindi. Ukitikisa, hewa inatoka. Mizani haijali hewa hiyo.

Hapo ndipo tunapoingiza lumbesa, maana watoto wenye wazazi wakulima wanaijua kwa jina. Gunia linajazwa, linaongezewa kichwa cha wavu juu, na bado linaitwa gunia moja. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wanaosimamia hilo pamoja na kukagua mizani za madukani na kuzibandika stika. Waambie watoto watafute stika hiyo kwenye mizani ya bucha. Watarudi na habari.

Uzito na tungamo si kitu kimoja?

Mtaani ni kimoja, darasani ni viwili. Tungamo ni kiasi cha maada iliyomo ndani ya kitu, kinapimwa kwa gramu na kilogramu. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta kitu hicho, unapimwa kwa nyutoni. Jiwe la kilo moja likipelekwa mwezini linabaki na tungamo la kilo moja, lakini uzito wake unashuka mpaka kama sehemu moja ya sita.

Ushauri wetu kwa walimu ni kwamba msimkaripie mtoto wa darasa la tano akisema "uzito wa kilo mbili". Bibi yake anasema hivyo, muuza nyama anasema hivyo, na hata daktari anasema hivyo. Mwonyesheni mizani ya springi yenye nyutoni, aone kilo moja inavuta karibu nyutoni 10, halafu tofauti itakaa yenyewe.

Shule yetu haina maabara. Tununue nini kwanza?

Mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ukijua kupatana, bei yake haipishani sana na ya kuku wa kienyeji. Hicho ndicho kifaa pekee cha kutolea hela ya maana.

Vingine viko karibu. Mabomba ya sindano ya mililita 5, 10 na 20, yasiyo na sindano, yako duka lolote la dawa, na kwa ujazo mdogo ni sahihi kuliko silinda nyingi za plastiki tulizoziona. Rula ya sentimita 30, futikamba ya fundi cherehani, chupa ya maji ya nusu lita na ya lita moja na nusu. Silinda ya kupimia ya mililita 100 mkiipata ni vizuri, msipoipata msikae kuisubiri.

Mizani ya bei rahisi tutajuaje kama inasema kweli?

Swali hili tunalipenda. Karatasi nyeupe ya A4 ya kawaida, ile iliyoandikwa gramu 80 kwenye pakiti, maana yake ni kwamba mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina gramu 80. Karatasi 16 za A4 zinafanya mita moja ya mraba. Kwa hiyo karatasi moja ni gramu 5. Hesabu karatasi 20, weka kwenye mizani, usome 100. Ongeza 20, usome 200. Ikisoma 97 au 104, mmeshaijua mizani yenu ilivyo.

Njia ya pili ni maji. Mililita 100 zilizovutwa kwa bomba la sindano mara kumi zinapaswa kuwa gramu 100, tofauti ya gramu moja au mbili ikiwa ni ya mkono wenu.

Na kabla ya kuilaumu mizani, angalieni meza. Tuliwahi kupoteza saa nzima tukidhani mizani imekufa, namba zinapanda na kushuka kama bei ya nyanya, kumbe mguu mmoja wa dawati ulikuwa umekaa juu ya kokwa la parachichi.

Maji kwenye silinda yamepinda. Mtoto asome wapi?

Chini ya bonde, jicho likiwa usawa wa maji. Silinda ikae mezani na mtoto ndiye ainame, asiinyanyue silinda kuileta usoni, maana mkononi inalala upande. Ukisoma kutoka juu utapata namba kubwa kuliko halisi, ukisoma kutoka chini ndogo. Jaribuni: watoto watatu, mmoja amesimama, mmoja ameinama, mmoja amechuchumaa, wote waandike bila kuambizana.

Kwenye kioo bonde linaonekana vizuri. Kwenye plastiki mara nyingi maji yanakaa karibu bapa, msimlazimishe mtoto aone bonde lisilokuwepo.

Jiwe halina umbo la kupimika kwa rula. Ujazo wake unapatikanaje?

Njia ya vitabuni ni kuweka maji kwenye silinda, kusoma, kuzamisha jiwe, kusoma tena na kutoa. Inafanya kazi kama jiwe linaingia. Mawe ya watoto hayaingii. Wanaokota Mto Karanga mawe ya ukubwa wa ngumi, kwa sababu ndiyo mazuri.

Kwa hiyo sisi tunatumia bakuli, mizani na uzi. Weka bakuli la maji kwenye mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lishushe majini mpaka lizame lote, lakini lisiguse chini wala pembeni. Unalishikilia kwa mkono. Mizani itaonyesha namba. Namba hiyo ya gramu ndiyo ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo.

Mara ya kwanza hakuna anayeamini, hata walimu. Jiwe umelishika wewe, mizani inapima nini? Inapima hivi: maji yanalisukuma jiwe kwenda juu, na jiwe nalo linayasukuma maji kwenda chini kwa nguvu ile ile, sawasawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ni gramu moja, namba inasomeka moja kwa moja. Arkimedi wa Sirakusa ndiye anayetajwa kwa kanuni hii, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na yeye hakuwa na kitufe cha sifuri.

Binti mmoja wa darasa la sita alipima jiwe lake juu ya mizani likawa gramu 162. Ndani ya maji namba ikawa 60. Akagawa: 2.7. Hiyo ndiyo densiti, gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo. Jirani yake alikuwa na jiwe kubwa zaidi, la rangi ile ile, akapata 1.9. Wakaanza kushitakiana kwamba mwenzake kakosea. Tukayavunja yote mawili kwa nyundo nje: la pili lilikuwa na vitundu ndani kama maandazi. Mawe mengi ya huku yametoka kwenye volkano, gesi ilikuwa ikitoka humo wakati yanapoa. Jiwe la kusugulia miguu ni ndugu yao wa mbali, lenyewe linaelea kabisa.

Je, njia hiyo inaweza kutambua tanzanaiti?

Inaweza kutenga tanzanaiti na kioo cha chupa, basi. Tanzanaiti iko karibu 3.3, kioo cha kawaida karibu 2.5. Machimbo yake ya Mererani yako kusini tu ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), kwa hiyo tunaulizwa swali hili kuliko mnavyodhani, na siyo na watoto.

Tatizo ni udogo. Vito vinauzwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Kipande cha karati 10 ni gramu 2 tu. Mizani ya jikoni majini itasoma 1 kwa kito na 1 kwa kioo. Hapo unahitaji mizani ya sonara inayosoma sehemu za gramu. Na hata ukiipata 3.3, yapo mawe mengine yenye densiti ya karibu na hiyo. Msije mkanunua jiwe kwa sababu ya somo letu.

Hewa nayo ni maada? Mwanangu anakataa.

Mpelekeni jikoni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 umeandikwa ubavuni au shingoni uzito wake ukiwa mtupu. Ukitoka dukani unazidi namba hiyo kwa kilo 6. Gesi ikiisha, kilo hizo 6 hazipo tena. Gesi imebanwa humo ikawa kimiminika, ndiyo maana inatosha, lakini inayotoka kwenye jiko ni gesi, nayo ilikuwa na tungamo.

Kwa hewa yenyewe, chukueni mpira wa miguu uliolegea kidogo tu, upimeni, upigeni pampu mpaka uwe mgumu, upimeni tena. Gramu chache zinaongezeka. Puto halifai, maana linapovimba linaelea kwenye hewa ya nje na kujipunguzia karibu kila kilichoongezwa.

Halafu fanyeni hesabu ya darasa. Mita 8 kwa 6, dari mita 3: mita za ujazo 144. Hapa kwetu mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo moja na kidogo. Darasa "tupu" lina hewa ya kama kilo 150, gunia moja na nusu la mahindi. Mtoto aliyekuwa akikataa kwa kawaida anaangalia juu.

Kipimajoto chetu kinasoma nyuzi 97 maji yakichemka. Kimeharibika?

Tafadhali msikitupe! Mwalimu mmoja alituambia shule yake ilishatupa viwili kwa kosa hilo.

Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 za sentigredi usawa wa bahari. Moshi mjini hatuko usawa wa bahari, tuko mita 800 na zaidi juu yake. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo, nayo yanachemka mapema. Kila ukipanda kama mita 300, ondoa nyuzi moja. Kwa hiyo 97 ndiyo jibu sahihi la Moshi. Arusha mjini, mita 1,400 hivi, mtapata karibu 95. Kileleni Uhuru, mita 5,895, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 hivi, na ndiyo sababu maharage ya mlimani hayaivi. Wapagazi wanapanda na vyakula vinavyoiva upesi.

Mtoto akiandika 97 na mwongozo wa majibu unasema 100, mpeni alama. Aliyeandika 100 bila kuangalia kipimajoto ndiye wa kuulizwa.

Angalizo: tumieni chenye kimiminika chekundu au cha betri. Cha zebaki kikivunjika darasani ni hatari, mvuke wake ni sumu.

Nani aliamua kilo iwe kilo?

Wafaransa walianza, baada ya mapinduzi yao, mwaka 1795. Kila mkoa ulikuwa na vipimo vyake na wafanyabiashara walikuwa wakichezea humo. Nadhani muuza sado angewaelewa. Mita waliipata kwa kugawa umbali wa kutoka ncha ya kaskazini ya dunia mpaka Ikweta mara milioni 10. Kwa hiyo umbali huo ni karibu kilomita 10,000, na kutoka Ikweta mpaka hapa Moshi tunaongeza kama 370. Gramu waliitoa kwenye sentimita moja ya ujazo ya maji.

Mkataba wa kimataifa wa mita ulitiwa saini Paris tarehe 20 Mei 1875. Tangu 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha madini ya platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Watoto wanapenda sehemu hii: kipande hicho na nakala zake vilikuja kupishana, kwa kiasi kidogo kuliko punje ya vumbi, lakini vilipishana. Kipi kimebadilika? Kwa maana ya sheria, kile cha Sèvres hakiwezi kukosea. Tarehe 20 Mei 2019 kikastaafishwa, na kilo sasa inatokana na namba ya kimaumbile isiyobadilika.

Wanajua mita moja ni sentimita 100, lakini mita ya ujazo wanasema ni sentimita za ujazo 100. Tufanyeje?

Msianze na kalamu. Leteni bili ya maji. Uniti moja kwenye bili ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Mtoto aliyewahi kubeba dumu moja kutoka bombani hatakubali kwamba uniti nzima ni sentimita za ujazo 100, ambazo hazijazi hata kikombe cha chai. Baada ya hapo ndipo mchore mchemraba: 100 mara 100 mara 100, milioni moja.

Ni Kg, KG, kgs au kg?

kg. Herufi ndogo zote, bila "s" hata zikiwa elfu, na acheni nafasi baada ya namba: 5 kg. K kubwa ni ya kelvini, kizio cha joto. Vitabu vya zamani vinaandika sm kwa sentimita. Sisi tunafundisha cm, kwa kuwa alama hizi ni zile zile Dodoma, Beijing na Cairo. Hilo pia ndilo jibu kwa wazazi wanaohofia Kiingereza cha kidato cha kwanza: maelezo yatabadilika lugha, 250 ml haitabadilika.

Vikundi vitano, majibu matano. Lipi sahihi?

Pengine yote, kama yanakaribiana. Kizuizi ni kifaa: mizani ya gramu moja haiwezi kukupa punje moja ya mhindi. Pimeni punje 100, mtapata gramu 30 na kitu, mgawe kwa 100. Unene wa karatasi vivyo hivyo. Rundo la karatasi 500 ni kama sentimita 5, kwa hiyo moja ni milimita 0.1.

Jibu moja likiwa mbali na mengine, msilifute. Mara nyingi ni rula iliyovunjika pembeni, mtoto kaanzia kwenye alama ya 1 akasahau kutoa. Wekeni mstari mmoja juu yake ili lisomeke bado, na sababu iandikwe pembeni.

Mtoto alete nini Jumamosi?

Rula yenye milimita zinazosomeka, daftari la mraba, penseli (siyo peni), chupa tupu ya nusu lita, na jiwe moja alilookota mwenyewe. Kubwa kuliko ngumi ya baba halitaingia kwenye bakuli letu.